Alvar Aalto wa Ufini: Msanifu Aliyepima Chumba kwa Macho ya Mgonjwa

Mtu mwenye afya akiingia chumbani hutazama kuta na madirisha, kisha huketi akaendelea na shughuli zake. Mgonjwa hana nafasi hiyo. Yeye hulala chali, na kitu akionacho mchana kutwa ni dari. Taa ikiwa imetundikwa katikati ya dari humchoma macho. Dari ikiwa nyeupe mno humchosha. Mwenzake akifungua maji ili anawe, mshindo wa maji humwamsha usingizini. Hayo ni mambo madogo kwa mtu aliyesimama, lakini kwa aliyelala ni makubwa, tena huzidi kuwa makubwa ikiwa itampasa kulala vile vile mwezi baada ya mwezi.

Leo nataka kuwasimulia habari za mtu aliyeyafikiri mambo hayo, akajenga hospitali nzima kwa kuyafuata, kisha akatengeneza na viti vyake. Jina lake ni Alvar Aalto, mwenyeji wa Ufini, nchi iliyo kaskazini ya Ulaya, mpakani na Urusi. Kazi yake ilikuwa usanifu wa majumba. Msanifu si mwashi wala si seremala. Yeye ndiye achoraye jumba lote katika karatasi kabla jiwe la kwanza halijawekwa, akaamua mlango utazame wapi, jua liingie saa ngapi, na mtu apandaye ngazi ashike wapi.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1898 katika kijiji cha Kuortane. Siku zile Ufini ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Ni nchi ya misitu na maziwa maelfu. Majira ya baridi ni marefu, theluji hufunika ardhi kwa miezi, na huko kaskazini kabisa yako majuma ambayo jua halichomozi hata mara moja. Yafaa tulikumbuke jambo hili, maana mtu aliyekulia katika giza kama lile haoni mwanga wa jua kuwa kitu cha bure.

Baba yake alikuwa mpima ardhi. Nyumbani kwao, katika mji wa Jyväskylä walikohamia mwaka 1903, palikuwa na meza kubwa nyeupe ambayo juu yake wapimaji walitandaza ramani zao. Aalto alipokuwa mzee aliandika habari za meza ile. Alipokuwa mdogo alicheza chini yake, akaiona kama uwanja wenye dari. Alipokua kidogo aliruhusiwa kupanda juu na kuchora. Watu wazima waliinama juu ya meza na kalamu zao, na mtoto akajifunza mapema kwamba mstari katika karatasi ni njia, au mto, au mpaka wa shamba la mtu. Mama yake alifariki mwaka 1906, mtoto akiwa na umri wa miaka minane. Baba akamwoa dada ya marehemu, naye ndiye aliyewalea watoto.

Mwaka 1916 Aalto alikwenda Helsinki kusoma usanifu. Mwaka wa pili yake Ufini ikapata uhuru wake, na mwaka 1918 vita vikazuka kati ya wananchi wenyewe, Weupe na Wekundu, naye akapigana upande wa Weupe. Alimaliza masomo mwaka 1921, na mwaka 1923 akafungua ofisi yake katika mji ule wa Jyväskylä. Kazi zake za miaka hiyo hazina haja ya kusimuliwa sana. Alichora majumba kwa namna ya kale, yenye nguzo kama za Wagiriki na Waitalia, na wala hapana aliyedhani kwamba jina lake litavuka bahari.

Lakini mwaka 1924 jambo moja lilitokea ambalo bila hilo hadithi hii ingekuwa nyingine. Aliingia katika ofisi yake msanifu mwanamke, Aino Marsio, mtu aliyemzidi Aalto umri kwa miaka minne, na ambaye alikuwa amemaliza masomo yake kabla yake, mwaka 1920. Mwaka ule ule wakaoana. Tangu siku hiyo mpaka bibi huyo alipofariki, wawili hao walifanya kazi katika chumba kimoja, na mara nyingi haijulikani mstari huu uliandikwa na mkono gani. Watu walizoea kulitaja jina la mume peke yake. Mimi naona kwamba mtu anayesimulia habari za Alvar bila kumtaja Aino husimulia nusu ya habari, na nusu hiyo nayo huenda isiwe ile iliyo bora.

Sasa tuseme kidogo habari za Ulaya kwa jumla, ili tuelewe yaliyofuata. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, vijana wengi wa kazi ya usanifu walichoshwa na nyumba zenye nakshi nyingi na nguzo zisizochukua uzito wowote. Walitaka nyumba wazi, nyeupe, zenye madirisha mapana na paa la bapa, nyumba ambazo kila kitu ndani yake kina kazi yake. Walisema kwamba dunia imepata mashine, basi na nyumba iwe na usafi na wepesi wa mashine. Huko Ujerumani, katika chuo kiitwacho Bauhaus, kijana mmoja aitwaye Marcel Breuer alitengeneza mwaka 1925 kiti cha mabomba ya chuma yaliyokunjwa, kama yale ya baiskeli. Kiti kile kilisifiwa sana. Aalto naye alikipenda, hata akanunua viti vya namna hiyo kwa nyumba yake mwenyewe.

Alvar na Aino walihamia mji wa Turku, pwani ya magharibi, mwaka 1927, na hapo wakaanza kujenga kwa namna hii mpya. Ndipo lilipokuja shindano la kuchora hospitali ya kifua kikuu itakayojengwa msituni huko Paimio, safari fupi kutoka Turku. Wilaya nyingi za upande ule wa nchi zilichanga fedha zao pamoja kwa kazi hiyo. Aalto alishinda mwanzoni mwa mwaka 1929, na hospitali ikafunguliwa mwaka 1933.

Wasikilizaji, wengi wenu mwaujua ugonjwa wa kifua kikuu, lakini labda hamjui ulivyokuwa siku zile. Dawa ya kwanza iliyoweza kuviua vijidudu vyake mwilini mwa mtu iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Kabla ya hapo daktari hakuwa na cha kumpa mgonjwa ila mapumziko, chakula kizuri, hewa safi na jua. Mgonjwa alilazwa miezi mingi, hata miaka, na mara kwa mara alitolewa nje, amefunikwa mablanketi, akalale katika roshani, hata wakati wa baridi. Huko Ufini ugonjwa huu uliua watu wengi mno, na zaidi vijana. Kwa hiyo jumba lenyewe ndilo lililokuwa dawa. Msanifu akikosea, haikuwa kwamba watu watasema jumba ni baya la kutazama; ilikuwa kwamba mgonjwa atakosa kile kidogo alichotumaini kupona kwacho.

Aalto mwenyewe alisimulia kwamba wakati wa kuifikiri kazi hii alikuwa mgonjwa, amelala kitandani, na hapo ndipo alipotambua kwamba vyumba vyote alivyovijua vilichorwa kwa ajili ya mtu aliyesimama. Basi akageuza mambo. Alichora chumba kwa ajili ya mtu aliyelala.

Mkienda Paimio mtaona jumba refu jembamba katikati ya misonobari. Bawa la wagonjwa limeelekezwa kusini, liliko jua la nchi zile, na kila chumba kilikuwa cha wagonjwa wawili tu. Dari ilipakwa rangi ya kijani iliyotulia, ili jicho lipate mahali pa kupumzika. Taa iliwekwa mahali ambapo mtu aliyelala hauoni moto wake. Joto la chumba lilitoka darini likielekea miguuni, maana mtu aliyelala akipigwa na joto kichwani huumwa. Kila mgonjwa alikuwa na beseni lake la kunawia, nalo lilichongwa kwa mteremko maalum, ili maji yaguse ukuta wa beseni kwa ubavu na kuteleza bila mshindo. Kabati za nguo ziliinuliwa mbali na sakafu ili ufagio na kitambaa vipite chini, pasibaki pembe ya vumbi. Hata mishikio ya milango ilifikiriwa: ilikunjwa kwa namna ambayo mkono wa koti la daktari apitaye kwa haraka hauwezi kunaswa. Na katika ngazi kuu sakafu ilikuwa ya rangi ya manjano, ili mtu aingiaye siku ya giza la baridi akutane na kitu kama jua.

Mwisho wa jumba palikuwa na roshani, moja juu ya nyingine mpaka juu, ambapo wagonjwa walilazwa safu kwa safu mbele ya msitu. Nadhani hata mtu asiyejali kabisa habari za usanifu akisimama mbele ya roshani zile ataelewa upesi kazi iliyokusudiwa.

Sasa tuje kwenye viti. Aalto alipotaka kuiwekea hospitali yake viti, alivifikiri vile vya mabomba ya chuma alivyokuwa amevisifu. Kisha akaona kasoro zake. Chuma ni baridi, tena katika nchi ya theluji baridi yake hupita nguo. Chuma kilichong'arishwa hurudisha mwanga machoni, na kikigongwa hulia. Katika ofisi ya mtu mzima kasoro hizo si kitu. Mbele ya mgonjwa ni adhabu. Mwaka 1935, katika hotuba aliyotoa Uswidi, alieleza wazi kwamba kiti kama kile hakikukosea kwa kufuata akili mno, bali kwa kutoifuata mpaka mwisho: kilifikiriwa kwa habari ya nguvu na wepesi na jinsi ya kukitengeneza, kikasahauliwa kufikiriwa kwa habari ya ngozi, jicho na sikio la mtu.

Lakini ni kitu gani kilichoweza kukunjika kama bomba la chuma, kikabeba uzito wa mtu, kisiwe baridi? Ufini ina mti uitwao mbetula, wenye gome jeupe, ambao watu wake huutumia kwa kuni na kwa kazi nyingi za nyumbani. Wafini tangu kale hukunja mbao kwa kutengeneza zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Basi Aalto akamwendea Otto Korhonen, mwenye kiwanda cha samani karibu na Turku. Wakaanza majaribio mwisho wa miaka ya 1920, wakaendelea miaka kadhaa. Korhonen alikuwa fundi aliyeijua mbao, naye Aalto alikuwa mtu mwenye mawazo asiyejua ukomo wa mbao uko wapi. Nafikiri kila mmoja alimhitaji mwenzake.

Tatizo lao kila seremala alijua. Ubao mnene ukiukunja huvunjika, kwa sababu upande wa nje hulazimishwa kurefuka na upande wa ndani hulazimishwa kufupika. Ninyi wanafunzi mwaweza kulijaribu jambo lenyewe kwa daftari. Shika daftari nene ulikunje: litakunjika kwa urahisi, maana kila karatasi huteleza kidogo juu ya mwenziwe. Ukitazama ukingo wake utaona karatasi hazilingani tena. Sasa fikiri kwamba umetia gundi kati ya karatasi zote wakati daftari limekunjwa, ukangoja ikauke. Karatasi haziwezi kuteleza kurudi mahali pake, na daftari litabaki limekunjwa daima, tena gumu kama ubao.

Hivyo ndivyo walivyofanya. Walichukua kipande kizima cha mbetula, wakakipasua kwa msumeno upande wa mwisho tu, kufuata uzi wa mti, kikawa kama kitana chenye meno mengi. Katika kila mwanya wakatia ubao mwembamba sana uliopakwa gundi. Kisha wakakikunja pale palipopasuliwa, kikafanya pembe kama herufi L, wakakibana mpaka kikauka. Chini mguu ni mti mzima, wenye nguvu zake zote. Juu ni tabaka nyingi zilizoshikamana, nazo hulala bapa chini ya kikalio. Mguu huo haukuhitaji tundu wala ulimi wa kuunganishia, wala fremu ya kuushika. Ulifungwa kwa skurubu moja kwa moja chini ya kikalio, basi kazi imekwisha. Aalto aliona kwamba kilichopatikana si mguu wa kiti kimoja, bali mguu wa viti vyote na meza zote, akaandikisha haki yake ya uvumbuzi mwaka 1933.

Kitu cha kwanza kilichotengenezwa kwa mguu huo ni kigoda. Kina kikalio cha duara na miguu mitatu, hapana zaidi. Mwajua wenyewe kwamba kigoda cha miguu mitatu hakitikisiki hata sakafu ikiwa si sawa, ambapo cha minne huhitaji kuwekewa kijiti. Tena vigoda hivi vyaweza kupangwa kimoja juu ya kingine, miguu ikizunguka kama ngazi ya mnara, hata vigoda vingi vikachukua nafasi ya kimoja. Mtu aweza kukikalia, akaweka juu yake taa au kitabu, au akapanda kufikia rafu.

Kiti cha hospitali ya Paimio chenyewe ni kazi nyingine. Kilichorwa mwaka 1932. Pande zake mbili ni fremu za mbetula zilizokunjwa zikafunga mzingo, na kati yao umetundikwa ubao mmoja mwembamba wa tabaka za gundi, uliojikunja juu na chini kama karatasi iliyoviringwa. Ubao huo hunesa kidogo mtu akiketi. Mgongo wake umeinamishwa nyuma kwa kiasi kilichokusudiwa kumfungulia mgonjwa kifua apumue vyema. Ni kitu kizuri sana kukitazama, ingawa hakina mto wowote, nami nashuku kwamba wako wagonjwa waliotamani wangepewa blanketi la kukunja chini yao.

Mwezi wa Novemba 1933 samani hizi zilionyeshwa London, katika duka maarufu la Fortnum & Mason, na Waingereza wakazipenda mara moja. Maagizo yakaja mengi kuliko kiwanda cha Korhonen kilivyozoea. Kwa hiyo mwaka 1935 Aino na Alvar, pamoja na mama mmoja tajiri mpenda sanaa aitwaye Maire Gullichsen, na mwandishi Nils-Gustav Hahl, walianzisha huko Helsinki kampuni iitwayo Artek, ili iuze samani hizo na kuwafundisha watu namna mpya ya kupanga nyumba. Aino ndiye aliyekuwa roho ya kampuni ile. Aliongoza uchoraji wake tangu mwanzo, na tangu mwaka 1941 aliisimamia yote. Na kabla ya hapo, mwaka 1932, alikuwa amechora bilauri za kioo cha kawaida zenye duara juu ya duara, kama mawimbi yanavyotokea jiwe likitupwa majini. Bilauri hizo hutengenezwa Ufini hata leo, nazo zi katika majumba ya watu wa kawaida kuliko kazi nyingi za mumewe.

Katika miaka hiyo hiyo jumba jingine lilikuwa likijengwa, nalo kwangu mimi ndilo zuri kuliko yote: maktaba ya mji wa Viipuri, upande wa mashariki karibu na Urusi. Aalto alishinda shindano lake mwaka 1927, lakini fedha zilichelewa na mahali pa kujengea pakabadilishwa, hata likafunguliwa mwaka 1935. Ucheleweshaji huo ulikuwa na faida, maana ramani ya kwanza ilikuwa ya nguzo na nakshi za kale, na ile ya mwisho ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

Ukumbi wa kusomea hauna madirisha ukutani. Juu, katika paa, yako matundu 57 ya duara, kila moja pana kuliko mtu anavyonyosha mikono yake, na yenye kina kama kisima. Jua la Ufini halipandi kamwe mpaka utosini. Kwa hiyo mwali wake hauwezi kushuka moja kwa moja ndani ya kisima kile ukamfikia msomaji. Hupiga ukuta wa kisima, ukatawanyika, ukashuka kutoka pande zote kwa upole. Mtu akisoma pale, mkono wake hautupi kivuli juu ya kitabu. Kama alivyomfikiria mgonjwa aliyelala akitazama dari, ndivyo alivyomfikiria msomaji aliyeinama. Na katika ukumbi wa mihadhara dari ilifunikwa vipande vyembamba vya msonobari vilivyopangwa kama mawimbi ya bahari tokea mwanzo wa chumba mpaka mwisho, ili sauti ya mtu anayesema upande mmoja imfikie aliyeketi upande wa pili. Chini yake vilipangwa vigoda vya miguu mitatu.

Watu wa Viipuri waliitumia maktaba yao miaka minne. Tarehe 30 Novemba 1939 majeshi ya Urusi ya Kisovieti yaliivamia Ufini. Vita vya majira yale ya baridi vilikwisha Machi 1940, na katika mapatano Ufini ilitoa nchi kubwa upande wa mashariki, mji wa Viipuri ukiwa ndani yake. Watu zaidi ya laki nne walihama, wakaacha nyumba zao. Wafini waliurudia mji mwaka 1941, wakaupoteza tena mwaka 1944, na tangu hapo jina lake ni Vyborg. Jumba la maktaba halikubomolewa, lakini liliachwa bila kazi miaka kumi, na maji yakaingia. Huko Ufini wengine walidhani kwamba limekwisha kabisa.

Aalto katika miaka ya vita alisafiri Marekani kuomba msaada wa kuijenga nchi yake upya, akafundisha katika chuo cha ufundi cha Massachusetts mwaka 1940. Baada ya vita chuo hicho kilimwita tena achore jumba la kulala wanafunzi, kando ya mto Charles. Alilipinda jumba lile kama nyoka aogeleaye, ili vyumba vingi vitazame mto kwa mshazari na visitazame barabara yenye kelele. Lilikwisha mwaka 1949. Lakini Januari ya mwaka huo Aino alikuwa amefariki kwa saratani, mwenye umri wa miaka 54.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi, ingawa majumba yake ni mengi. Mwaka 1952 Aalto alimwoa msanifu mwingine wa ofisi yake, Elissa Mäkiniemi. Katika kisiwa kidogo cha Säynätsalo alijenga nyumba ya baraza la kijiji kwa matofali mekundu, iliyokwisha mwaka ule ule. Husimuliwa kwamba wazee wa baraza walilalamika juu ya urefu wa ukumbi wao, naye akawajibu kwamba mji wa Siena huko Italia una ukumbi wa mita 16, kwa hiyo wa Säynätsalo uwe mita 17. Alipata heshima nyingi, ikiwamo medali ya dhahabu ya wasanifu wa Uingereza mwaka 1957.

Wala si kila jambo alilofanya lilifaulu. Jumba la Finlandia huko Helsinki, lililofunguliwa mwaka 1971, alilivika nje mawe meupe ya marumaru kutoka Carrara, Italia, kwa sababu aliipenda Italia tangu ujana wake. Marumaru ile haikuweza kuvumilia baridi ya Ufini. Mabamba yalianza kujipinda kama maganda yakaukayo juani. Yalibadilishwa mwisho wa miaka ya 1990, na mapya yakajipinda vile vile. Ni ajabu kwamba mtu aliyekikataa chuma kwa sababu ya baridi hakuiuliza marumaru swali lile lile.

Alvar Aalto alifariki Helsinki tarehe 11 Mei 1976, mwenye umri wa miaka 78, na Elissa akaiendesha ofisi yake mpaka alipofariki naye mwaka 1994.

Kifua kikuu kilipopata dawa, hospitali ya Paimio ilibaki bila kazi yake ya kwanza. Katika miaka ya 1960 iligeuzwa kuwa hospitali ya magonjwa mengine, na zile roshani za kulalia jua zikazibwa zikawa vyumba. Viti vyake sasa viko katika majumba ya makumbusho, na vile vitengenezwavyo leo huuzwa kwa bei ambayo mwalimu wa shule au mhudumu wa hospitali hawezi kuitoa bila kufikiri mara mbili. Kiti kilichochorwa kwa ajili ya mgonjwa maskini kimekuwa pambo la sebule ya tajiri. Hilo si kosa la Korhonen wala la mbetula, lakini sioni kwamba lapasa kufichwa.

Kigoda kimekuwa na bahati zaidi. Mashule, maktaba na ofisi za Ufini zilivinunua kwa wingi, na vile vya miaka ya 1930, vyenye alama za wino na mikwaruzo ya miguu ya watoto, vingali vikikaliwa.

Na ile maktaba? Warusi waliitengeneza mwaka 1955 hadi 1961 na kuifungua tena, ingawa kazi ile haikurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Kuanzia miaka ya 1990 mafundi wa Urusi na wa Ufini walishirikiana kuirudisha hatua kwa hatua, kwa fedha za pande zote mbili. Walirudisha matundu ya paa na mawimbi ya msonobari katika ukumbi wa mihadhara. Kazi ilikwisha mwishoni mwa mwaka 2013. Vitabu vilivyo rafuni sasa ni vya Kirusi, na wanaovisoma chini ya visima vile 57 vya mwanga ni wajukuu wa watu waliokuja baada ya vita.